Mgongo wa Mkono

Kengele ya kubadilisha zamu ililia saa kumi kamili alasiri, na kabla haijanyamaza Bi Vurugu alikuwa keshasimama katikati ya mlango mkubwa wa nyumba ya wazee, miguu kaitanua, mikono kaikunjua.

"Hapiti mtu," alisema.

Wahudumu wa zamu ya asubuhi walikuwa wamejazana ukumbini, kila mmoja na pochi au mfuko wake, wamechoka, wanataka kwenda kwao. Mtunza stoo, mtu mzito mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango ya kufungua, akajaribu kujipenyeza ubavuni. Bibi kizee akaudaka mkanda wa begi lake. Akavuta. Mtunza stoo naye akavuta. Begi likapasuka, bakuli la chakula likabingirika sakafuni, na ukucha wa bibi ukamchana bwana yule shavuni.

"Ona! Mmemwona kichaa huyu?" Alishika shavu kana kwamba limekatwa kwa panga. "Kila siku yeye! Aongezwe dawa, la sivyo mimi naacha kazi!"

"Acha basi," mpishi alisema kutoka nyuma, "na sisi tupate pumzi."

Watu wakacheka. Sista Mkuu hakucheka. Hakuwa mwanamke mbaya, ila alikuwa na wazee arobaini, wauguzi wawili, na mgongo unaouma tangu asubuhi. Alimwangalia bibi anavyohema, akaangalia damu kwenye shavu la mtunza stoo, kisha akaingia ofisini kupiga simu mbili. Ya kwanza kwa daktari. Ya pili kwa mtoto wa bibi.

Mtoto huyo alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kinyozi. Simu ilimkuta mashine iko mkononi.

"Mama yako kamjeruhi mfanyakazi," Sista Mkuu alisema. "Daktari ameruhusu vidonge vya kutuliza akili viwe viwili badala ya kimoja. Njoo utie saini. Na nikwambie ukweli, kaka yangu: hivyo ni vya kumshikilia tu. Alhamisi ya wiki ijayo daktari akija, tunamhamishia hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya kufungiwa. Hapa si mahali pake."

Kinyozi akasema, "Sawa, Sista. Samahani sana, Sista." Hakujua anaomba samahani kwa lipi, lakini aliomba mara tatu.

Jioni ile alitia saini.

*

Jumamosi alikwenda kumwona, yeye na mkewe. Mke wa kinyozi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa nyuma ya pazia, humo humo kwenye kibanda cha kunyolea, na watu walisema familia ile inakukata nywele na suruali kwa safari moja.

Walimkuta mama ameketi karibu na dirisha. Kidevu kimelala kifuani, mate yanatiririka hadi kwenye kola ya gauni.

"Shikamoo mama," kinyozi alisema.

Maisha yake yote mama alijibu salamu hiyo kwa namna moja: "Marahaba. Mfukoni una nini?" Ndicho kilichokuwa kichekesho cha nyumbani kwao. Alimjibu hivyo mwanawe siku ya harusi yake, mbele ya wakwe. Jumamosi hii midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayetafuta neno chini ya kitanda, kisha ikaacha.

Mshonaji alimpa kijiko mkononi. Kijiko kikaanguka. Akampa tena. Kikaanguka tena. Mkono ule, mwaka juzi tu, ulikuwa ukimtungia yeye uzi kwenye sindano bila miwani.

"Ametulia," Sista Mkuu alisema akipita, tena kwa fahari kidogo. "Tangu juzi hajamgusa mtu."

"Gunia nalo limetulia, Sista," mshonaji alijibu. "Wala halijapewa dawa."

"Mke wangu!" kinyozi alinong'ona.

Msichana aliyekuwa amepiga magoti akimfuta bibi mate aliinua uso. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Kazi yake ilikuwa kuogesha, kulisha, kugeuza na kutandika. Wenzake walimwita Daftari, kwa sababu mfukoni alitembea na daftari la shule lililokunjwa katikati, na kila alichokiona alikiandika. Walimwita hivyo kwa kumdhihaki. Yeye aliitika.

"Kaka, samahani," alisema. "Bibi alipokuwa na nguvu zake alikuwa akifanya kazi gani?"

"Imeandikwa kwenye fomu. Mama wa nyumbani."

Mshonaji akamgeukia mumewe. Mumewe akaviangalia viatu vyake. Daftari akawaangalia wote wawili, akarudi kufuta mate.

*

Jumatatu, Bi Vurugu aliteleza kutoka kitini, akaangukia nyonga. Hakuvunjika. Sista Mkuu aliandika "ameteleza", basi. Daftari aliandika zaidi.

Alikuwa ameandika kwa wiki sita. Usiku, mama mdogo aliyeishi naye akishalala mbele ya televisheni, yeye alikuwa akiyasoma maandishi yake kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Jumanne, wakati wa mapumziko, alilipeleka daftari ofisini.

"Sista, naomba dakika moja. Siku ishirini na tisa bibi kashika watu. Zote ni kati ya saa kumi kasoro dakika tano na saa kumi na nusu. Zote ni mlangoni. Jumapili hakuna hata moja."

"Jumapili wanalala kwa sababu kumetulia."

"Hapana, Sista. Jumapili zamu yetu ni ndefu, tunatoka usiku wazee wakiwa kitandani. Saa kumi hapiti mtu na mfuko. Na kingine. Hajawahi kumshika mtu asiye na mfuko. Mimi siku niliyosahau pochi, alinipapasa mbavuni, akaniambia 'Pita'."

"Kwa hiyo?"

"Alinipapasa hivi." Daftari akanyoosha mkono, akaupitisha hewani kwa mgongo wa vidole, kiganja kikitazama nje. "Anayetaka kupigana anakuja na ngumi au kucha. Nani anampapasa mtu kwa mgongo wa mkono? Huyu kafundishwa, Sista. Hii ni kazi."

Sista Mkuu akavua miwani.

"Mwanangu, nikuulize. Umesomea udaktari?"

"Hapana, Sista."

"Umesomea uuguzi?"

"Miezi sita, usaidizi."

"Basi kazi yako ni bafu na kijiko. Daktari kasema dawa, ni dawa. Na hilo daftari nikiliona tena wakati wa kazi nalitia kwenye takataka. Chumba cha sita kuna shuka mbichi."

Mtunza stoo alikuwa mlangoni, plasta shavuni, amesikia yote. "Dokta Daftari!" aliita. "Nami nitazame, naumwa meno!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Daftari alikwenda chumba cha sita, akabadilisha shuka, na machozi aliyoyatoa humo hayakuandikwa popote.

*

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliitumia kukitafuta kibanda cha kinyozi.

Kulikuwa na mteja kitini, mzee wa makamo, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado.

"Kaka, nina swali moja tu, niondoke."

"Dada, unaona nina mteja."

"Mteja hana haraka," mteja alisema, masikio yamemsimama.

"Mama yako kesho anapelekwa wodi ya kufungiwa," Daftari alisema. "Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Nimekwambia. Mama wa nyumbani."

Daftari hakubishana. Alimsogelea, akapitisha mgongo wa mkono wake mbavuni mwa kinyozi, kushoto, kulia, kisha kiunoni, haraka na kwa adabu. Kinyozi aliganda. Mashine ikaendelea kunguruma hewani peke yake.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama yako."

Cherehani nyuma ya pazia ikanyamaza. Mshonaji akatoka, uzi begani.

"Mwambie," alisema. "Au nimwambie mimi."

Kinyozi akazima mashine. Akaketi kwenye benchi la wateja kama mtu aliyekuja kunyolewa.

"Alikuwa mkaguzi wa geti. Kiwanda cha nguo. Miaka thelathini na moja. King'ora kikilia saa kumi, watu wanapanga foleni, yeye anawapekua mmoja mmoja, kuona kama hawajafunga vitambaa tumboni. Kiganja hakutumia hata siku moja. Alisema kiganja kinaweza kumshika mtu vibaya, kinaweza hata kuchukua kitu. Mgongo wa mkono hauwezi. Hakuna aliyewahi kumlalamikia kwamba kamshika ovyo, wala aliyewahi kumhonga."

"Sasa hapo kulikuwa na nini cha kuficha, kaka?"

"Wewe hujui." Sauti yake ilipanda. "Alimkamata jirani yetu, kajiviringishia majora mawili ya kitambaa. Jirani akafukuzwa. Mtaa mzima ukaacha kutusalimia. Shuleni nikipita, wenzangu wanatoa mifuko yao nje, wananyanyua mikono: 'Tupekue, mtoto wa mpapasaji!' Miaka yote hiyo! Nikaapa jina la kazi hiyo sitalitamka tena. Walipoleta fomu..."

"Walipoleta fomu ukamfukuza kazi mama yako kwa kalamu," mkewe alimalizia. "Kiwanda kilimtunza miaka thelathini na moja. Wewe ulimtoa kwa mstari mmoja. Sasa wanamlewesha kwa sababu anakwenda kazini."

Mteja alijikuna upande wenye nywele.

"Mimi ningeomba," alisema kwa upole, "mwende mkaseme hilo neno. Ila kichwa changu kwanza."

*

Daktari alikuja Alhamisi saa nane, kama kila Alhamisi, mwembamba, na begi lililochanika mshono. Sista Mkuu alikuwa keshaiweka karatasi ya uhamisho juu ya meza. Bi Vurugu alikaa kando, ananesa kichwa.

"Daktari," Daftari alisema kutoka mlangoni, beseni mikononi, "kabla hujasaini naomba nikusomee kitu."

"Msaidizi hazungumzi kwenye raundi ya daktari!" Sista Mkuu alimaka.

"Nimechoka sana leo, Sista," daktari alisema. "Nikisaini vibaya sitalala. Binti, una dakika mbili."

Daftari akaweka beseni chini, akasoma. Tarehe, saa, mahali, nani, alibeba nini. Sauti ilimtetemeka kwenye kurasa mbili za mwanzo, kisha ikasimama imara. Dakika mbili zikapita, zikawa tano, na daktari hakumkatiza.

"Kwa hiyo unasema anakagua watu," daktari alisema mwishowe. "Lakini fomu inasema mama wa nyumbani."

"Fomu ni ya uongo."

Aliyesema hivyo alikuwa kinyozi. Alisimama nyuma ya Daftari, nywele za wateja bado zimemganda kwenye shati, mkewe kamshika kiwiko kama anayemsindikiza mtu benki.

"Niliijaza mimi. Nipeni."

Akapewa. Aliinama juu ya meza ya Sista Mkuu, akakata maneno yale matatu kwa mstari mzito uliokaribia kutoboa karatasi. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa, na kila neno akilitamka: "MKAGUZI. WA. GETI. Miaka thelathini na moja." Alipoinua uso, mashavu yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

Daktari aliisoma, akamgeukia bibi.

"Dawa hizi zilitengenezwa kwa ugonjwa mwingine kabisa," alisema. "Mama huyu ana usahaulifu wa uzeeni. Vidonge havimrudishii kumbukumbu. Vinamzibia mdomo, vinamwangusha kitini, na vinaweza kumuua. Niliviruhusu kwa sababu niliambiwa anapiga watu bila sababu." Akaivuta karatasi ya dawa. "Haikatwi ghafla. Tunarudi kidonge kimoja, halafu nusu, halafu robo, na kila wiki binti huyu ananionyesha daftari. Uhamisho tusubiri. Na saa kumi mnapanga foleni mlangoni, mnakaguliwa."

"Mimi?" Sista Mkuu aliweka mkono kifuani. "Miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, nipekuliwe na mgonjwa?"

"Mimi leo natoka saa ngapi?" daktari alimuuliza.

"Saa kumi."

"Basi nitaanza mimi."

Na akaanza yeye. Kengele ililia, bibi akainuka akiyumba, Daftari kamkamata chini ya kwapa. Daktari alifungua begi lake bovu mbele ya wafanyakazi wote. Mkono wa bibi ukaingia taratibu, ukatoka na mpira wa kusikilizia moyo.

"Hiki?" Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ijumaa.

"Kifaa cha kazi, mama."

"Kesho kinarudi?"

"Kinarudi."

Mgongo wa mkono ukampitia daktari mbavuni, polepole, bila kukosea njia.

"Pita."

*

Haikwenda kama maji. Wiki ya pili bibi hakulala vizuri, alilia mchana, na wako waliosema kwamba bora alivyokuwa. Siku moja mlinzi mgeni, asiyejua lolote, alimpita mbio akiwa na mkoba mgongoni. Bibi akapiga kelele, akamzaba kofi la shingo.

"Si nilisema?" Mtunza stoo alishangilia. "Si nilisema?"

Mkono wa Sista Mkuu ulikuwa umeshashika ufunguo wa kabati la dawa.

"Sista, dakika tano," Daftari alisema. "Nipe dakika tano tu, kisha fanya utakalo."

Akamrudisha mlinzi ndani, akamnong'oneza, wakasimama foleni upya, yeye mbele, mlinzi nyuma, mkoba wazi. Bibi akaukagua. Akamkagua mlinzi. Akamtazama juu mpaka chini.

"Kazini hatukimbii," alimwambia. "Pita."

Ilichukua dakika nne. Sista Mkuu alitazama saa ya ukutani, akatazama ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akafanya jambo lililozungumzwa jikoni kwa wiki nzima: akaingia ofisini, akachukua pochi yake, akaja kusimama mwisho wa foleni, akaifungua. Ndani mlikuwa na leso, miwani ya akiba, na dawa yake ya mgongo.

"Pole na kazi," bibi alimwambia. "Pita."

Sista Mkuu alipita. Alipofika nje alisimama kidogo, kwa kuwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyempa pole mlangoni pale.

Kesho yake alimwita Daftari ofisini.

"Funga mlango. Yule babu wa chumba cha sita, anayepiga watu akiogeshwa. Umeandika nini juu yake?"

"Tunammwagia maji kichwani kabla hatujamwambia, Sista. Tukianzia miguuni hapigi mtu. Nimejaribu mara kumi na moja."

Sista Mkuu akachomoa faili la babu. "Kaa," alisema. "Nisomee."

Mtunza stoo aliacha kuja kazini na begi. Na sukari, mpishi aliwaambia watu bila kuulizwa, ikaanza kufika mwisho wa mwezi.

*

Alhamisi ya wiki ya tisa daktari aliikata robo ya mwisho. Bibi alikuwa akila mwenyewe, akitembea mwenyewe, na jina la Bi Vurugu lilikuwa limekufa bila mazishi. Wote sasa walimwita Mkaguzi. Wazee wengine wanne, akiwemo babu wa chumba cha sita, walikuwa wakipunguziwa dozi, na daftari la pili lilikuwa limeanza kujaa.

Siku hiyo kinyozi alifunga kibanda mapema. Kengele ya saa kumi ilipolia hakwenda kukaa kwenye viti vya wageni. Alijipanga foleni pamoja na wafanyakazi, nyuma ya mpishi, mfuko mkononi. Mkewe na Daftari wakasimama pembeni.

Zamu yake ikafika.

"Shikamoo mama."

Bibi alimtazama. Hakuna aliyejua kama alimwona mwanawe au mfanyakazi tu wa zamu ya asubuhi.

"Marahaba," alisema. "Mfukoni una nini?"

Kinyozi akanyanyua mikono juu, juu kabisa, kama wale watoto wa shuleni walivyokuwa wakifanya, lakini yeye hakuwa akidhihaki. Mgongo wa mkono ukampitia mbavu za kushoto, za kulia, kiunoni. Ukaingia kwenye mfuko, ukatoka na mashine ya kunyolea.

"Ya nani hii?"

"Yangu, mama. Mimi kinyozi."

"Risiti?"

Kinyozi akaipapasa mifuko ya suruali yake.

"Sina."

"Hupiti." Akamwonyesha benchi la kando ya mlango. "Kaa pale."

"Jamani, mume wangu," mshonaji alisema, kicheko kinamsonga, "na tuliwaambia wateja unarudi saa kumi na moja!"

"Watasubiri!" Kinyozi aliketi kwenye benchi, kifua mbele, akapaza sauti ukumbi mzima usikie, na jiko, na stoo, na barabara ya nje. "Nimekamatwa! Nimekamatwa na mkaguzi wa geti, hahongeki huyu! Ni mama yangu!"

Bibi hakugeuka. Alikuwa kazini. Alimaliza foleni, mtu mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akapita na ukumbi ukabaki wazi. Ndipo alipoufunga mlango, akaja akaketi kando ya mtuhumiwa wake, akaweka mashine mapajani, akamshika mkono.

Kwa kiganja.